NISHANI YA HESHIMA: NANI ASTAHILIYE, NA NANI AMTAJAYE?

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kericho, akiisha kupita katika nchi tambarare ya Kano kwa mwendo wa maili kumi na tano hivi, hufika Ahero, penye daraja la mto Nyando. Huko maji ya mto huvutwa kwa pampu na kupelekwa kwa mifereji katika majaruba ya mpunga, katika mradi ulioanzishwa miaka ya 1960. Lakini maji hayo hayo yaletayo riziki ndiyo yaletayo msiba. Masika yakizidi, mto huvunja kingo zake, nyumba hujaa maji, na watu huhamia shuleni na makanisani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, na tena mwaka 2024.

Mahali kama hapo hapakosi watu wema. Yuko aliyempokea jirani usiku wa mafuriko. Yuko aliyewaita wenzake wazibe ukingo uliobomoka. Yuko aliyewafundisha watoto chini ya mti shule ilipojaa maji. Watu hao huonwa na wote, nao hushukuriwa kwa maneno. Kisha maji hupungua, matope hukauka, na habari yao husahauliwa.

Kila mwaka majina ya waliotunukiwa nishani za taifa yakitangazwa, watu wengi husikika wakisema, “Hizo ni za wakubwa. Mtu wa kwetu hapati.” Somo hili lajaribu kulipima neno hilo. Nishani ni kitu gani? Hutolewa kwa nani? Na mwananchi wa kawaida aweza kufanya nini ili kazi njema ya jirani yake isipotee?

MAANA YA MANENO

Yafaa kwanza kuyaelewa maneno yenyewe. Neno tuzo latokana na kutuza, yaani kumpa zawadi mtu aliyependeza katika ngoma au katika kazi. Mithali yasema, “Mcheza kwao hutuzwa.” Angalieni sana neno hilo “kwao.” Mgeni akicheza vizuri, watu humtazama; mwenyeji akicheza vizuri, watu humtuza, kwa kuwa wanamjua, wanawajua wazazi wake, na kuna watu wawezao kushuhudia ya kwamba hakuanza kucheza jana. Basi tuzo huanzia nyumbani, kwa wale wamjuao mtu.

Neno nishani lilitoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama. Kwa hiyo nishani si mali. Ukimpelekea sonara kipande kile cha madini na utepe wake, hatakupa fedha ya kununulia ng'ombe. Thamani yake ni neno lisemwalo na alama hiyo, yaani kwamba nchi imeshuhudia ya kuwa mtu huyu amewafaa watu. Ushahidi ukiwa wa kweli, alama ni kubwa. Ushahidi ukiwa wa uongo, alama ni bati tu.

DESTURI ZA KANDO YA ZIWA

Wajaluo hawakungoja wageni waje kuwafundisha kuwaheshimu mashujaa. Tangu zamani walikuwa na kofia ya manyoya ya mbuni iitwayo kondo, ambayo haikuvaliwa na kila mtu, na mzee mwenye cheo alijulikana kwa kofia yake na usinga wake. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya kuanzia mwaka 1964 hata 1966, alijulikana mahali pengi kwa kofia ya ushanga na usinga, na watu walioviona walielewa maana yake bila kuelezwa.

Iko na desturi nyingine ifaayo kulinganishwa na nishani, nayo huitwa pakruok. Katika ngoma ya nyatiti mtu humpa mpigaji fedha, muziki ukasimama kidogo, naye akajisifu mwenyewe au akamsifu rafiki yake kwa maneno matamu. Ni mchezo mwema, wenye furaha na ufundi wa lugha, wala hapana mtu adanganywaye nao, kwa maana kila mmoja ajua ya kuwa sifa zile zimelipiwa. Nishani ya taifa ni kinyume chake. Mwenye kusifiwa hajisemi, na fedha haitakiwi. Wasemao ni wengine, nao yawapasa waseme kwa ushahidi. Mtu akizichanganya desturi hizo mbili, akataka nishani kwa njia ya pakruok, ameziharibu zote mbili.

WAKATI WA UKOLONI

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na nishani zake. Mwaka 1917 Mfalme George wa Tano aliweka nishani za Dola ya Kiingereza, na mwaka 1920 iliwekwa medali ya Mfalme kwa machifu wa Kiafrika. Medali hiyo ya machifu, kama jina lake linavyoonyesha, ilifuata cheo. Aliyetazama ni mtawala, na aliyeonwa ni yule aliyesimama karibu naye.

Wakati ule ule walikuwako watu wengi wasioonwa. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi lililopigana na Wadachi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya ilisimamiwa na John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanza. Walibeba risasi na unga kwa kichwa, katika mvua na homa, na wengi sana walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Lakini majina ya watu wenyewe yako wapi?

Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, nayo ikaomba radhi. Taarifa ilitoka zaidi ya miaka mia moja baada ya vita. Wake zao, ndugu zao na rafiki zao waliokuwa wakijua jina la kila mmoja walikuwa wamekwisha kufa. Hapa pana fundisho kubwa kuliko yote katika somo hili: sifa isiyoandikwa wakati mashahidi wangali hai haiwezi kuandikwa baadaye, hata kwa radhi na fedha nyingi.

NISHANI ZA JAMHURI

Kenya ilipopata uhuru iliweka nishani zake yenyewe, na majina yake yalichukuliwa kwa Waafrika wenyewe. Ya juu kabisa ni Nishani ya Moyo wa Dhahabu, nayo ina madaraja matatu: Chifu, Mzee na Morani. Ndizo herufi C.G.H., E.G.H. na M.G.H. zionekanazo baada ya majina ya watu. Ya pili ni Nishani ya Mkuki Uwakao, yenye madaraja matatu kama hayo, ambayo herufi zake ni C.B.S., E.B.S. na M.B.S. Baada ya hizo iko Nishani ya Shujaa Mkuu, O.G.W., na tena iko sifa ya Mkuu wa Nchi, H.S.C., ambayo wengi waliotenda mema vijijini wameipata. Majina hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Katiba ya mwaka 2010 iliiweka tarehe 20 Oktoba kuwa Sikukuu ya Mashujaa, ili siku hiyo isiwe ya mtu mmoja bali ya wote walioitumikia nchi.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishani za Taifa, na mwaka 2014 Sheria ya Mashujaa wa Kenya. Sheria ile ya kwanza yataja watu wa namna tatu wanaostahili. Wa kwanza ni wale walioonyesha ushujaa, kujitoa mhanga, uzalendo au uongozi kwa faida ya nchi au ya kaunti. Wa pili ni wale waliofanya kazi ya kuigwa katika uchumi, maisha ya watu, elimu, sayansi, michezo, biashara, usalama na mengineyo, kwa ajili ya nchi au ya kaunti. Wa tatu ni wale walioiletea Jamhuri sifa kwa njia nyingine.

Msomaji ayatazame tena maneno hayo, “au ya kaunti.” Sheria haisemi kwamba mtu hana budi kujulikana Nairobi. Aliyeifaa Kisumu, au Siaya, au Homa Bay, au Migori, amekwisha kuingia katika maneno ya sheria. Tena kazi ya kutaja majina haikuachiwa wakubwa peke yao: iko Kamati ya Ushauri iyapimayo mapendekezo kabla ya kumshauri Rais, na mwananchi naye aweza kupeleka pendekezo lake.

WATU WALIOONWA

Nchi ya kando ya ziwa ina majina ambayo hayakupotea. Bibi Grace Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika baraza la mji wa Kisumu. Mwaka 1965 akawa meya wa mji ule, mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini kushika kazi hiyo, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa Bungeni. Alifariki mwaka 2023, na mjini Kisumu iko nyumba ya mikutano iitwayo kwa jina lake. Nyumba nayo ni nishani, kwa maana kila mtoto aingiaye huuliza, “Huyu alikuwa nani?”

Mama Sarah Obama wa Kogelo hakuwa na cheo wala elimu ya shule. Alilea na kuwasomesha yatima nyumbani kwake, na mwaka 2014 alituzwa huko New York, katika Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kazi yake ya elimu. Ni kweli ya kwamba jina la mjukuu wake, aliyekuwa Rais wa Marekani, liliwafanya watu wamtazame. Lakini wale yatima walikuwako hata kabla ya wageni kufika na kamera zao.

Naye Raila Amolo Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya tangu mwaka 2008 hata 2013, alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Siku tano baadaye, katika Sikukuu ya Mashujaa, alitunukiwa daraja la juu kabisa la Moyo wa Dhahabu. Mtu wa namna hiyo hahitaji barua ya jirani, kwa sababu nchi nzima ni shahidi wake. Lakini mkulima wa mpunga wa Ahero hana shahidi ila wale wanaokaa karibu naye. Wakinyamaza wao, amenyamaza ulimwengu wote.

MFANO WA BARUA MBILI

Tuchukue mfano, ambao si habari ya mtu fulani. Tuseme ya kuwa karibu na Ahero yuko mama mjane, mkulima wa mpunga, ambaye majirani humwita Min Otieno, yaani mama yake Otieno. Mwalimu kijana wa shule ya msingi akata shauri kumpendekeza apate nishani, naye aenda na barua yake kwa mzee wa kijiji.

“Jaduong',” asema, “nimeandika hivi: Mama huyu ni mtu mwema sana, mcha Mungu, apendwaye na watu wote.”

“Vema, mwanangu,” ajibu mzee. “Na mimi je, si mtu mwema?”

“U mwema, jaduong'.”

“Na mke wangu?”

“Yeye pia.”

“Basi barua yako yatufaa sisi sote. Iandike upya, hata isimfae mtu mwingine ila yeye.”

Mwalimu aona haya kidogo, lakini aelewa. Aanza kuuliza watu. Apata habari ya kuwa kwa miaka kumi na miwili, kila msimu kabla ya kupanda, Min Otieno ndiye awaitaye wenye majaruba wazibue mfereji wao, naye hushika jembe kwanza. Apata habari kwamba wakati wa mafuriko nyumba yake iliyo mahali pa juu ilipokea jamaa tisa kwa siku arobaini. Tena apata neno ambalo hakulijua kabisa: kila jamaa aliiandika katika daftari, majina yao, hesabu ya watoto wao, na chakula walichopokea, hata msaada ulipoletwa ukagawanywa pasipo ugomvi.

“Daftari hilo liko wapi?” auliza mzee.

“Liliingia maji katika mafuriko yaliyofuata, jaduong'. Zimebaki kurasa nne.”

“Jamaa tisa wako wapi?”

“Sita wako hapa. Wawili wamehamia mjini. Mmoja, yule mzee aliyekuwa kiongozi wa jamaa yake, tumemzika mwaka jana.”

“Basi usingoje wa pili,” asema mzee.

Mwalimu aenda kwa jamaa nane waliobaki, mmoja mmoja. Kila mmoja asimulia aliyoyaona, naye ayaandika, akawasomea, nao wakatia sahihi au alama ya kidole. Barua ya pili ina kurasa tatu, na ndani yake neno “mwema” halimo hata mara moja. Hata hivyo hapana aisomaye asiyelielewa.

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA

Kwa mfano huo msomaji aweza kujifunza jinsi ya kuandika pendekezo lenye nguvu.

Kwanza, taja kazi, usitaje tabia peke yake. Tabia huonekana katika kazi.

Pili, taja wakati. Kazi ya siku moja ya hatari ni ushujaa. Kazi ya miaka mingi ni utumishi. Zote mbili zina heshima, lakini msomaji wa barua hana budi kujua ni ipi.

Tatu, taja waliofaidiwa na hesabu yao ya kweli. Kama ni jamaa tisa, andika tisa. Mtu aandikaye mia ili barua ipendeze atamharibia anayemsifu, kwa maana uongo mmoja ukionekana, maneno ya kweli nayo hutiliwa shaka.

Nne, tafuta mashahidi ambao si jamaa yake wala wadeni wake. Shahidi aliye mbali kidogo na mwenye kusifiwa ana uzito kuliko ndugu kumi.

Tano, ulize mapema katika ofisi ya chifu au ya Serikali ya eneo lako ni karatasi gani itakiwayo na siku ya mwisho ni ipi, kisha uweke nakala mahali pakavu. Barua njema iliyochelewa haina tofauti na barua isiyoandikwa.

NENO LA ONYO

Haifai kuficha ya kuwa mara nyingi wananchi wamelalamika juu ya orodha za nishani, wakisema ya kwamba majina mengine yaliingia kwa urafiki au kwa siasa. Malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa. Lakini yafaa kuuliza swali moja: katika mwaka ule tulipolalamika, sisi tulipeleka jina la nani? Mahali pasipo na mapendekezo ya wananchi, nafasi hujazwa na mapendekezo ya wengine. Shamba lisilopandwa halibaki tupu; huota magugu.

Jambo jingine ni hili. Si kila pendekezo litakubaliwa, wala mtu asifanye kazi njema kwa kutazamia utepe. Min Otieno hakuwapokea watu wa mafuriko kwa sababu ya nishani, na kama nishani haikuja, jamaa tisa wale hawakulala mvuani. Hata hivyo barua haikuandikwa bure. Nakala yake ikiwekwa katika shule ya kijiji, watoto wataisoma, na mafuriko mengine yakija watajua ni nini kilifanywa, na nani alifanya, na kwa njia gani. Hiyo nayo ni heshima, na tena ni msaada.

Neno ahero katika Kijaluo maana yake ni “napenda.” Watu wa nchi ile wana mazoea ya kuwasifu wapenzi wao kwa wingi siku ya mazishi, mbele ya umati, kwa machozi na nyimbo. Ni desturi njema ya kuwaaga wafu. Lakini mwenye kusifiwa hasikii, na mashahidi hutawanyika jioni ile ile. Afadhali sifa moja iliyoandikwa na kutiwa sahihi wakati mwenyewe angali akilima, kuliko sifa mia zisemwazo kaburini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MABARAZA NA MADARASA

1. Kuna tofauti gani kati ya sifa za pakruok na sifa za nishani?

2. Kwa nini majina ya wapagazi wengi wa vita ya 1914 hata 1918 yalipotea, nasi twaweza kufanya nini ili jambo kama hilo lisiwapate watu wa kijiji chetu?

3. Sheria ya mwaka 2013 yasema “nchi au kaunti.” Maneno hayo yana faida gani kwa mtu asiyejulikana mbali?

4. Mtaje mtu mmoja wa mahali penu, aliye hai, aliyewafaa watu wasio jamaa yake. Alifanya nini, lini, na ni nani waliomwona? Andikeni majibu leo.